Naomba ushauri: mdogo wangu hana raha, hipnosisi itamsaidia?

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu wa kike, miaka 27, tangu mfungo uishe hayuko sawa. Anashtuka saa nane usiku halali tena, chakula anakichokonoa tu, na saluni yake anafungua akijisikia. Ukimuuliza: "Nimechoka tu, kaka." Mama anashikilia ni jicho la watu.

Ninavyojua, hali hii ikizidi wiki 2 mfululizo ni ya kumwona daktari, si ya kuambiwa ajikaze. Sasa kuna jamaa anafanya tiba ya hipnosisi: anamtuliza mtu mpaka mawazo yakae sehemu moja, kisha anampa maneno ya kumjenga. Uchawi si uchawi, usingizi si usingizi. Daktari James Braid aliiandikia tangu miaka ya 1840. Ila jamaa anasema hospitali haina haja, na hapo ndipo aliponitia shaka. Mimi naona hiyo ni ya kusindikiza matibabu tu.

Aliyewahi kuifanya, ilikuwaje? Nianzie kliniki ya afya ya akili Muhimbili? Na huyu jamaa nimuulize vyeti gani? Mdogo wangu mwenyewe nimwingieje bila kumtisha?