Bakshishi kwenye bufee za Tanga: asilimia, kwa kichwa, chenji au sanduku?

Mdigo wa Duga (mwanzisha mada)
Wanajamvi, salaam. Tulinganishe jambo linaloleta ubishi kila bili inapofika mezani. Mgahawa wa kawaida mhudumu anachukua oda, analeta chakula, anarudi kuuliza kama pilipili imefika. Hapo tipu haina utata. Kwenye bufee mteja anajipakulia mwenyewe, na wengi huondoka bila kuacha hata sarafu ya mia tano kwa hoja kwamba "hakuna aliyenihudumia".

Njia zinazotumika hapa mjini, kuanzia hoteli za Raskazone hadi kumbi za katikati ya mji, ni nne: asilimia 10 ya bili, kiasi maalumu kwa kila mlaji, kuacha chenji, na sanduku la pamoja kaunta. Ipi inamfikia anayefanya kazi, na kiasi gani kinatosha kwa bufee ya Jumapili mchana yenye bei ya, tuseme, 25,000 kwa mtu?

Bi Kaimati
Kwa kichwa. Sababu yake ni kazi yenyewe. Mlaji wa bufee hatumii sahani moja. Anaanza na supu, anakwenda wali wa nazi na samaki wa kupaka, anarudi kuchukua pilau kidogo aonje, anamaliza na matunda na kaimati. Hizo ni sahani nne au tano kwa mtu mmoja, na kila moja lazima iondolewe kabla hajarudi na nyingine. Meza ya watu 8 inatoa vyombo zaidi ya 30 kwa saa moja na nusu, bado hujahesabu glasi. Mhudumu wa mgahawa wa kawaida habebi nusu ya hivyo.

Viwango ninavyoviona vya haki kwa bufee ya bei hiyo:
1,000 kwa kichwa ikiwa hata vinywaji unavifuata mwenyewe na mhudumu anaondoa vyombo tu.
2,000 kwa kichwa ikiwa analeta vinywaji, anaondoa vyombo kwa wakati na kuongeza maji bila kuitwa.
3,000 ikiwa kuna kazi ya ziada: kumbebea mzee chakula mezani, kuwasha jiko la nyama mbele yenu, kuunganisha meza za ukoo mzima.

Watoto wahesabiwe kamili hata kama wamelipiwa nusu bei. Mtoto anamwaga juisi ya ukwaju kwenye kitambaa cheupe, anaangusha tambi chini ya kiti, na anayepiga magoti kufuta ni yule yule mhudumu.

Mhasibu wa Chumbageni
Dada Kaimati, hesabu yako haina ubaya, ila asilimia ina faida moja: haihitaji mjadala mezani. Lakini watu wanaikokotoa vibaya, wanapiga asilimia juu ya kodi.

Mgahawa uliosajiliwa VAT unaweka bei ikiwa na asilimia 18 ndani yake. Kwa watu 8 bili ni 200,000. Gawanya kwa 1.18, unapata 169,492. Hiyo ndiyo bei ya chakula, nyingine ni ya serikali. Asilimia 10 ya 169,492 ni kama 17,000. Ukipiga asilimia 10 ya bili nzima utatoa 20,000. Si dhambi kutoa hiyo 20,000, ila ujue unachofanya.

Kabla ya yote, soma risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na bili ya mkono mstari kwa mstari. Tafuta maneno "tozo ya huduma" au "servisi chaji". Ikiwa imeshawekwa, asilimia 5 au 10, umeshalipa. Ukiongeza kitu juu yake ni hiari yako tu. Msimu wa sikukuu na kwa makundi makubwa huwa inaongezwa, na mteja anailipa mara mbili kwa kutosoma. Ukiiona, muulize msimamizi swali moja kwa adabu: hii inagawiwa kwa wahudumu au ni ya hoteli? Akijibu wazi, mambo yameisha. Akizungukazunguka, mpe mhudumu kitu mkononi.

Bi Kaimati
Kaka Mhasibu, kwa 25,000 mimi na wewe tunakutana: 2,000 mara 8 ni 16,000, yako 17,000. Tunaachana pale bei inapopanda au kushuka. Bufee ya vyakula vya bahari ya 60,000 inamfanya mteja atoe zaidi ya 5,000 kwa kichwa kwa asilimia 10, wakati mhudumu anabeba sahani zile zile. Kilichopanda ni bei ya kamba na pweza. Geuza sasa: bufee ya mchana ya 12,000 inayolisha wafanyakazi wa maofisini. Asilimia 10, ukishatoa kodi, ni kama 1,000, na pale ndipo mhudumu mmoja anaangalia meza sita peke yake. Asilimia inamwonea anayefanya kazi nyingi zaidi. Ndiyo maana nasimama kwenye kichwa.

Kapteni Mwambao
Kiasi mmekimaliza. Tatizo kubwa ni namna ya kutoa, na kwenye bufee pesa inapotea kirahisi kuliko mgahawa mwingine wowote.

Usiweke noti chini ya sahani. Kwenye bufee sahani zinaondolewa mfululizo na mtu yeyote aliye karibu, zinapangwa juu kwa juu zikiwa na mabaki na kwenda moja kwa moja kwenye beseni jikoni. Noti inaishia kwenye mchuzi, au kwa mtu ambaye hakukuhudumia. Usiiache chini ya glasi pia. Meza inapanguswa kabla hujafika mlangoni ili kundi linalofuata likae.

Toa mkononi, mkono wa kulia, wakati wa kusimama, noti imekunjwa, na useme "ya soda hiyo, ahsante". Kama mmehudumiwa na wawili, wape kila mmoja chake au mpe mmoja mbele ya mwenzake na utaje: "hii ya kwenu wawili." Ukimpa mmoja pembeni umewagombanisha.

Tembea na noti ndogo. Ukiwa na 10,000 tupu mfukoni utaona haya kuomba chenji ya bakshishi, na mwisho hutoi chochote. Vunja noti asubuhi dukani: 1,000 tano na 2,000 mbili zinatosha meza ya kawaida.

Njia ya tatu ya mwanzisha mada, "chenji kaa nayo", ni dhaifu. Bufee ina bei moja ya duara, kwa hiyo watu wawili wakila kwa 50,000 na kulipa kwa noti tano, chenji ni sifuri. Inamfaa anayelipia soda na maji pembeni.

Mhasibu wa Chumbageni
Niongeze upande wa simu. Ukiongeza bakshishi kwenye lipa namba, pesa inaingia akaunti ya biashara, haiingii kwa mhudumu. Bila maandishi, mwenye mgahawa ataiona kama mauzo au kama kosa la mteja. Ukilazimika kulipa hivyo, andika nyuma ya bili: chakula 50,000, wahudumu 4,000, na umwonyeshe keshia.

Kutuma kwenye namba binafsi ya mhudumu kuna mambo mawili. Kwanza makato: 2,000 ikishakatwa ya kutuma kwako na ya kutoa kwa wakala kwake, imepungua kwa kiasi cha kuonekana. Pili, kumwomba dada mhudumu namba ya simu, hata kwa nia safi, kunamweka pabaya mbele ya msimamizi wake na wenzake. Taslimu inamwondolea yote hayo.

Mama Futari wa Ngamiani
Asalaam aleikum. Mmesahau bufee ngumu kuliko zote hapa Tanga: futari ya Ramadhani.

Bufee ya Jumapili watu wanaingia kidogo kidogo kuanzia saa 7 mpaka saa 9 na nusu. Futari wote wanakaa kwa wakati mmoja na adhana haimsubiri mhudumu. Tende, maji, uji na kaimati lazima viwe mezani kabla ya Magharibi, kwa kila kiti. Watu wakishafungua wanainuka kwenda kuswali, na hapo ndipo kazi ilipo: ndani ya kama robo saa mezani panatakiwa pasafishwe bakuli zote za uji, vikombe na kokwa za tende, na vyombo vipya viwekwe, kwa sababu wakirudi ni mihogo ya nazi, mkate wa kumimina, tambi na biriani kwa pamoja. Anayefanya hivyo mara nyingi naye amefunga. Amefungua kwa tende moja na funda la maji akiwa amesimama.

Kwa futari msishuke chini ya 2,000 kwa kichwa, na 3,000 ni haki. Tena mtoe mapema, watu wakirejea kutoka kuswali. Wakati wa kuondoka ukumbi unatoka kwa mkupuo watu wanawahi tarawehe, mhudumu wenu hamtamwona. Na kumbukeni anarudi nyumbani usiku kwa bodaboda.

Mratibu wa Semina
Kuna bufee ambayo wahudumu hawapati kitu kabisa: ya semina. Mlaji hajaona bili kwa sababu mwandaaji amelipa, na mwandaaji hakukumbuka wahudumu kwenye bajeti. Siku tatu, watu 40, chai ya saa 4, chakula cha mchana, chai ya jioni, halafu hakuna.

Njia mbili zinafanya kazi.

Kama mwandaaji ni taasisi binafsi, bakshishi iwekwe kwenye profoma (makadirio ya bei) tangu mwanzo. Watu 40 kwa 1,000 ni 40,000 kwa siku, 120,000 kwa siku tatu. Kwa wahudumu wanne ni 30,000 kila mmoja. Bakshishi ya mkononi haina risiti ya EFD, na mkaguzi ataikataa bila karatasi, kwa hiyo andaa fomu ya malipo yenye jina, kiasi na saini ya kila mhudumu. Au hoteli iiingize kama tozo ya huduma kwenye ankara, ila muulize meneja kwa maandishi itagawiwaje.

Kama ni fedha ya umma, usijaribu kuipenyeza kwenye fungu la chakula. Mwenyekiti wa semina achangishe washiriki siku ya mwisho, 1,000 au 2,000 kila mmoja kabla ya picha ya pamoja. Baada ya picha watu wanatawanyika kuwahi mabasi ya Dar na Moshi. Pesa ikabidhiwe mbele ya wahudumu wote, na kiasi kitajwe kwa sauti.

Mkaanga Mayai
Upande wa sanduku, kwa sababu wengi wanalikimbia bila kulijua. Mhudumu wa meza anaonekana. Mwosha vyombo haonekani, na kwenye bufee ndiye anayeumia kuliko wote. Anayeongeza wali kwenye vyombo vya moto kabla havijaisha haonekani pia. Sanduku ndilo linalowafikia. Likiharibika, linaharibika kwa sababu tatu: funguo anayo mtu mmoja, linahesabiwa mwisho wa mwezi, au mwenye mgahawa anakata humo gharama ya sahani zilizovunjika.

Sanduku zuri linaendeshwa hivi. Linafunguliwa usiku ule ule mbele ya wawili, wa meza mmoja na wa jikoni mmoja, wote wanasaini daftari. Meneja na mmiliki hawana fungu. Mgawo ni kwa pointi: mhudumu wa meza 3, anayesimamia meza ya chakula 2, mwosha vyombo 2, mpishi wa mbele 1 kwa kuwa mshahara wake kwa kawaida uko juu. Mfano, zimepatikana 84,000. Wahudumu 4 ni pointi 12, wasimamizi wa meza ya chakula 2 ni pointi 4, waosha vyombo 2 ni pointi 4, mpishi 1 ni pointi 1. Jumla 21. Kila pointi 4,000. Mhudumu anaondoka na 12,000, mwosha vyombo 8,000, mpishi 4,000. Kila mtu anaweza kuhakiki kichwani.

Mteja afanyeje? Muulize mhudumu, "sanduku mnagawana lini?" Akisema "leo usiku", weka humo. Akinyamaza, mpe mkononi.

Kifungua kinywa cha hoteli kilichomo kwenye bei ya chumba: acha kila siku, 1,000 hadi 2,000 kwa mtu, usiikusanye hadi siku ya mwisho. Zamu zinabadilika, aliyekukaangia mayai Jumatatu anaweza asiwepo Alhamisi.

Msafiri wa Bandarini
Kwa wanaosafiri au wanaopokea wageni, msichukue viwango vya nchi za nje kuvileta huku. Marekani mgahawa wa kuhudumiwa ni asilimia 15 hadi 20, na bufee huwa wanashuka, karibu 10 au dola 2 kwa mtu. Ina sababu: sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepata bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, ilimradi bakshishi imfikishe kwenye kima cha chini cha 7.25. Pale tipu ni sehemu ya mshahara. Ufaransa huduma imo ndani ya bei. Japani hawatoi kabisa. Uingereza, tangu Oktoba 2024, mwajiri haruhusiwi kubaki na bakshishi ya wafanyakazi.

Wageni wanaokuja Tanga waelezeni watoe shilingi. Sarafu za euro au senti za dola hakuna duka la kubadilishia fedha linalozipokea, na noti ya dola 1 inabadilishwa kwa bei ya chini au inakataliwa ikiwa imechakaa.

Mdigo wa Duga
Nimewaelewa. Limebaki moja: huduma ikiwa mbaya? Sahani tatu chafu zimelundikana mezani nusu saa.

Bi Kaimati
Angalia ukumbi kwanza. Wahudumu wawili kwa meza 15 ni kosa la mwenye mgahawa, toa 1,000 kwa kichwa na umweleze meneja. Wahudumu sita wamesimama wanatazama simu, usitoe, na umweleze meneja vilevile. Chakula kikiwa kimepoa au wali umekauka, usimkate mhudumu wa meza. Hilo ni la jikoni.

Mkaanga Mayai
Na zile sahani tatu zisogezeni pembeni ya meza, mabaki kwenye ya juu, vijiko pamoja. Msizirundike saba nane; zikizidi tano zenye mchuzi zinateleza mkononi.