Mteja anazungumzia gemu kikao kizima: mnayageuzaje mazungumzo yawe tiba?

Mshauri_Chipukizi
Habari za kazi wakuu. Kijana wa miaka 15 au 16 ukimuuliza habari za shule anajibu neno moja, ukimgusia gemu anafunguka mpaka dakika 50 zinakwisha. Nifanyeje ili isiwe soga tu? Nami gemu sichezi. Wazazi nao wanataka jibu moja: ni mraibu au siyo?

Mlezi wa Nafsi
Kutocheza si kikwazo. Mwambie hulijui gemu lake, akufundishe. Kijana anayesahihishwa kutwa anapata nafasi ya kuwa mjuzi, na uhusiano wenu unajengeka hapo hapo. Usijifanye unalijua, atakugundua mara moja.

Usianze na "unacheza saa ngapi kwa siku?" Swali hilo amelichoka nyumbani, na saa atazitaja pungufu. Uliza anacheza na nani, ana jukumu gani kwenye timu, na wakishindwa nani hulaumiwa. Kwenye Minecraft, gemu la kujenga kwa matofali, mmoja anajenga peke yake katika hali ya ubunifu, ambako hafi wala haoni njaa. Mwingine yuko kwenye seva na wenzake, wanagombania mali na uongozi. Gemu ni lile lile, ila wanachokitafuta ni tofauti kabisa.

Kisha chukua tukio moja, kwa mfano mechi ya mwisho aliyopoteza, mlipitie polepole. Kilitokea nini kabla hajakasirika? Mwili ulihisije, mikono, kifua? Alijiambia nini? Akafanya nini? Hapo tayari mko kwenye mnyororo wa wazo, hisia na tendo bila yeye kujiona anahojiwa. Akisema "niliwaangusha wenzangu," ndipo uulize hali hiyo huikuta wapi kwingine. Ukiuliza mapema mno, anajifunga. Ukingoja dakika tano za mwisho, imebaki soga. Kwa maoni yangu, ukifika nusu ya kikao bila kuvuka daraja hilo la kutoka kwenye gemu kwenda kwenye maisha yake, lianzishe wewe.

Daftari la Kliniki
Kuhusu uraibu: ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inataka mambo matatu: kushindwa kujidhibiti, gemu kutangulizwa mbele ya shughuli nyingine, na kuendelea licha ya madhara. Hali hiyo iwe imeharibu sana masomo, familia au mahusiano, kwa kawaida kwa miezi 12. Wingi wa saa peke yake si kigezo. DSM-5 ya 2013, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, ililiweka tatizo hili kati ya yale yanayohitaji utafiti zaidi.

Kabla ya kumbandika jina, pima sonona, wasiwasi, usingizi, na kama anaonewa shuleni. Ikiwa gemu ndilo kimbilio lake pekee, kumnyang'anya ghafla kunamwondolea marafiki pia, na hali inaweza kuzidi kuwa mbaya.

Mama Ushauri
Nyongeza kwa wazazi: mechi ya mtandaoni haisimamishwi katikati. Kwenye Fortnite, gemu la mapambano lenye wachezaji 100, anayefika mwisho hutumia kama dakika 20, na akitoka mapema anawaacha wenzake pungufu. Ugomvi mwingi wa "zima sasa hivi!" unatokea hapo. Wakubaliane saa ya kuanza mechi ya mwisho, siyo saa ya kuzima.

Uliza pia habari za fedha, hasa masanduku ya bahati (unalipia ndani ya gemu bila kujua utapata nini), na kama kuna mtu mzima asiyemjua anayemwomba picha au kumvuta kwenye mazungumzo ya faragha. Mipaka ya usiri mwelezeni kijana na mzazi kikao cha kwanza kabisa, kijana ajue mapema ni lipi utalazimika kulisema.

Mshauri_Chipukizi
Nashukuru sana. Je, kucheza naye ndani ya kikao?

Mlezi wa Nafsi
Inafaa mkiwa na lengo, mfano kuangalia anavyopokea kushindwa. Chagueni gemu lisilohitaji intaneti na linalosimamishwa, dakika 10 tu, kisha mzungumze. Ila usimwongeze kuwa rafiki kwenye akaunti yako binafsi: ataona uko hewani usiku, atakuandikia, na wenzake wataanza kuuliza wewe ni nani kwake.