Mhadhiri anafundisha kuandika kiapo, yeye mwenyewe hajawahi kupeleka hata kimoja mahakamani

Wakuu, hili nimelibeba muda mrefu na leo nalitoa lilivyo.

Ofisini kwetu tunapokea wanafunzi wa sheria wa mafunzo kwa vitendo. Ni vijana wenye akili na wanajituma, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na waliowafundisha kuandika. Mmoja wao wa karibuni alinitajia kwa kichwa kesi ya Uganda v. Commissioner of Prisons, ex parte Matovu ya 1966, na akaeleza vizuri kabisa kwamba kiapo (affidavit) ni ushahidi wa maandishi, hakitakiwi kubeba hoja za kisheria, maombi wala hitimisho. Nikafurahi. Nikampa jalada aandae kiapo cha kuunga mkono maombi ya kuongezewa muda. Akaniletea, na aya ya saba inasomeka: "Kwamba mjibu maombi alitenda kinyume cha sheria na Mahakama hii tukufu inaombwa impe mwombaji nafuu." Hitimisho la kisheria na ombi, vyote ndani ya aya moja, kutoka kwa kijana aliyetoka kunikariria Matovu! Nikamuuliza chuoni mliandika viapo vingapi. Akasema hakuna. Walijibu swali la mtihani: eleza sifa za kiapo halali.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mtu aliyetunga swali lile. Alimaliza shahada ya kwanza na GPA (wastani wa alama) ya 3.8 au zaidi, akabakizwa chuoni kuwa TA, yaani mkufunzi msaidizi. Akaenda kusoma shahada ya pili, mara nyingi nje, kwenye haki za binadamu au biashara ya kimataifa. Akarudi, akaingia darasani. Hakuna siku alikaa masijala akisubiri kuambiwa nyaraka zake zina kasoro. Hakuna siku alisimama mbele ya jaji huku wakili wa upande wa pili akiinuka na pingamizi la awali juu ya kitu alichokiandika yeye. Hajawahi kumweleza mteja aliyeuza ng'ombe kulipia kesi kwamba shauri limefutwa kwa sababu ya karatasi, wala halijafikia kusikilizwa. Mtu huyu ndiye anakabidhiwa somo la uandishi wa kisheria, na anakabidhiwa kwa sababu ndiye mdogo kwenye idara na wakubwa hawalitaki. Kusahihisha rasimu za wanafunzi mia mbili mstari kwa mstari kunachosha, na hakumpandishi mtu cheo. Cheo kinapanda kwa makala kwenye majarida.

Na wapo wahadhiri wanaofanya kazi za uwakili, wana leseni hai, wanaonekana mahakamani. Nimefundishwa na mmoja. Alikuwa anatuletea hati za madai za kesi zilizokwisha, majina yamefutwa, tunazichambua kwa kutumia Amri ya VII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai: sababu ya madai imeibuka lini, mamlaka ya mahakama yameelezwa wapi, thamani ya shauri iko wapi. Darasa lile lilikuwa moto. Mwaka uliofuata akahamishiwa sheria ya katiba, na somo la uandishi akapewa TA aliyekuwa amehitimu juzi tu. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira kila nikikumbuka, maana uwezo ulikuwepo palepale idarani na wakaamua kuupeleka kwingine.

Wanaosema haya ni mambo madogo wakasome kesi ya D.B. Shapriya ya 2002, Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kiapo hakikuonyesha mahali kilipoapiwa, kitu ambacho kifungu cha 8 cha sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kinakitaka waziwazi. Maombi yakaanguka. Neno moja la mahali! Najua mtaniambia tangu marekebisho ya 2018 tuna kanuni ya kutazama haki badala ya ufundi, na kesi ya Yakobo Magoiga Gichere, iliyoitumia kanuni hiyo, inasemwa kila kona. Lakini Mahakama ya Rufani yenyewe imesharudia kusema kwamba kanuni ile si dawa ya kila kosa, na haifuti masharti ya lazima. Ukikosea masharti ya muda na mamlaka ya mahakama, umeumia. Na hata pale jaji anaporuhusu marekebisho, mteja analipa nauli tena na kesi inasogea mbele tena.

Oktoba 2022 nchi nzima ilishtuka: Shule ya Sheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), wanakopita wahitimu wa sheria kabla ya kuwa mawakili, watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Waziri akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Mitandaoni watu wakagawanyika, nusu wanaitukana Shule, nusu wanawatukana vijana. Wachache mno waliuliza vijana wale walifika pale wakiwa wameandika nini miaka yote ya chuo, na nani alikuwa anawasahihisha.

Wenzetu Marekani nao hawajalimaliza tatizo hili, lakini wamelikosea kwa upande mwingine. Kule chama chao cha wanasheria, ABA, kupitia kanuni namba 303, kinalazimisha kila mwanafunzi apate mafunzo ya uandishi mwaka wa kwanza na mengine baadaye. Walimu wa somo hilo wengi wametoka kwenye kampuni za uwakili, ofisi za waendesha mashtaka au walikuwa wasaidizi wa majaji. Yaani wamepata watu sahihi, kisha wakawadharau: kwa miaka mingi kanuni namba 405 imeviruhusu vyuo kuwapa walimu wa uandishi ulinzi mdogo wa ajira kuliko maprofesa wengine. Sisi tumechukua ile dharau kwa somo, na watu sahihi hatukuwachukua.

Kibaya zaidi mlango umefungwa kwa GPA. Wakili mwenye miaka ishirini kazini, aliyeandika mamia ya rufaa, akiwa na GPA ya 3.2 ya ujanani hatazamwi hata kwa somo hili moja. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hivi mnaona sawa? Daktari bingwa anafundisha upasuaji kwa sababu anapasua.

Kiswahili ndiyo usiseme. Sheria ya 2021 imeshakifanya kuwa lugha ya mahakama. Nendeni mkaangalie ni darasa gani mwanafunzi anafundishwa kuandaa hati ya madai au hoja za maandishi kwa Kiswahili, na mwalimu gani amewahi kuziandaa.

Ninachotaka hakihitaji kamati nyingine. Somo la uandishi wa kisheria lifundishwe na mtu mwenye uzoefu wa kazi wa miaka mitano angalau, awe wakili, mwendesha mashtaka, hakimu mstaafu au mwandishi wa sheria serikalini, GPA yake iwe yoyote. Darasa ligawanywe kwenye vikundi vidogo. Kila mwanafunzi aandike, arudishiwe karatasi ikiwa na wino mwekundu, aandike tena. Mtihani wa "eleza sifa za" ufutwe kwenye somo hili.

Na vyuo viweke wazi nani anafundisha nini. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mawakili kinamtaka aliyeandaa nyaraka aonyeshe jina na anwani yake juu yake. Basi pale kwenye orodha ya masomo, mbele ya somo la uandishi, liwekwe jina la mwalimu, na chini yake ofisi alizofanyia kazi na miaka. Mzazi anayelipa ada asome mwenyewe.