Naomba ushauri: shahidi wangu ameingiwa na hofu

Habari zenu ndugu. Mimi ni mwanahabari, nimemaliza kurekodi filamu ya amani ya mpakani kule Lokiriama, Turkana, ambako Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walipatana mwaka 1973. Mama mmoja alisimulia mbele ya kamera jinsi wanawe wawili walivyouawa katika wizi wa mifugo, akawataja waliohusika. Aliridhia, hata alama ya kidole aliweka. Juzi binti yake amenipigia: wanaogopa. Nikifunika uso, sauti itamtambulisha. Kule watu wanajuana. Nikimtoa, zinabaki hotuba za wakubwa tu, na uchungu wa akina mama ndio filamu yenyewe. Mliowahi kulinda mashahidi wa mpakani, mlifanyaje? Onyesho ni mwezi ujao.