Tumejipatia nyumba wenyewe: je, dalali bado anatudai kamisheni?

Muulizaji

Naombeni ushauri. Dalali wetu alitutembeza kwa muda mrefu bila kupata nyumba inayotufaa. Baadaye mimi na mwenzangu tuliona kibao cha mauzo kwenye nyumba ambayo hakuwahi kututajia, tukazungumza na mwenye nyumba moja kwa moja na kuafikiana bei. Dalali amepata habari na sasa anadai kamisheni kamili, akisema tulitia saini mkataba unaomfanya kuwa dalali wetu wa pekee na kwamba muda wake haujakwisha. Je, tunawiwa naye chochote kisheria?

Mwanasheria wa mikataba

Usilipe wala kukataa kabla ya kusoma kifungu cha malipo, kwa sababu mikataba inayoitwa ya dalali wa pekee haifanani. Ipo inayomzuia mnunuzi kutumia dalali mwingine tu, hivyo akijitafutia nyumba mwenyewe hadaiwi. Ipo pia inayompa dalali haki ya kulipwa kwa nyumba yoyote itakayonunuliwa ndani ya muda uliowekwa, hata kama hakushiriki kuipata, na hiyo ndiyo inayowaumiza wanunuzi wengi. Angalia vilevile kama mkataba unataja eneo au aina ya nyumba, maana ununuzi ulio nje ya mipaka hiyo kwa kawaida hauhusiki. Kifungu cha ulinzi, yaani kinachompa dalali haki ya kulipwa hata baada ya mkataba kwisha, ni jambo jingine: mara nyingi kinahusu nyumba alizokuonyesha yeye tu.

Mchangiaji

Pasipo kifungu cha wazi, mahakama hutazama mchango halisi wa dalali. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza kesi ya dalali aliyemwonyesha mteja nyumba, mteja hakuitaka, kisha miezi kadhaa baadaye akainunua kupitia dalali mwingine. Dalali wa kwanza alimdai muuzaji, akashindwa, kwa kuwa kumfikisha mtu kwenye nyumba si sawa na kumfikisha kwenye ununuzi. Aliyedaiwa hapo alikuwa muuzaji, lakini hoja hiyo inakufaa, kwani dalali wako hata nyumba hakukuonyesha.

Dalali

Mimi ni dalali, na binafsi naona si haki kudai kamisheni kamili kwa nyumba ambayo sikuitafuta wala kuijadili bei. Hata hivyo, kazi yetu si kufungua milango tu. Kuhakiki hati, kufuatilia madeni yaliyofungamana na nyumba na kusimamia ukaguzi wa jengo ni kazi ambayo bado hamjaifanya, na mwenye nyumba hatawafanyia. Mwombeni dalali wenu aifanye kwa malipo yaliyopunguzwa, na makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nimekisoma kifungu, nacho kinasema "nyumba yoyote itakayonunuliwa na mteja katika kipindi cha mkataba", kwa hiyo dai lake lina msingi. Tutakutana naye kabla ya kutoa malipo ya awali, tumwombe asimamie uhakiki wa hati na ukaguzi kwa kamisheni ndogo. Asipokubali, tutampelekea mwanasheria mkataba huo kabla ya kutia saini hati ya mauzo.