Nyumba ya mama imeondoka na mafuriko Kyela, hivi serikali inatoa hela au tunapigwa?

Mtoto wa Mbaka:
Wakuu habari za jioni. Naomba mwenye uelewa anisaidie maana hapa nilipo kichwa hakifanyi kazi kabisa. Mimi najitafutia Mbeya mjini, Mwanjelwa, ila nyumbani ni Kyela, bondeni kule karibu na mto Mbaka. Wiki mbili zilizopita mto ulitapika usiku, maji yakaingia ndani mpaka usawa wa kitanda, mama akatoka na wajukuu wawili wakaenda kulala shuleni. Zile tofali za udongo mnazijua, zikishinda kwenye maji siku mbili zinarudi kuwa tope, basi ukuta wa upande wa jikoni ukalala wote na choo hata kilipokuwa huwezi kuonyesha. Mpunga ulikuwa ndani gunia 11. Umeota. Sitanii, nilivyofika Jumamosi nikakuta gunia limetoa majani ya kijani ubavuni kama mtu kapanda kitalu.

Mtendaji alipita na daftari akaandika, baada ya siku nne wakaletewa unga, maharage, blanketi mbili na ndoo, tunashukuru. Sasa juzi kuna mtu kampigia mama anasema yeye ni wa wilayani, jina lake limepita kwenye "fidia ya maafa" milioni 2 na laki 4, atume elfu 35 ya fomu ili faili litembee. Mama ameshaanza kuulizia mteja wa beberu lake. Nimemwambia asubiri kwanza. Hiyo fidia ipo kweli? Na kama ipo inapitia wapi?

Mtendaji Mstaafu:
Pole sana kijana, mpe pole na mama. La kwanza, USITUME HATA MIA. Nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka 14 huko Rungwe na sijawahi kuona fomu ya maafa ya kulipiwa. Hao jamaa wanafuata mvua, wakisikia redioni kuna mafuriko mahali wanaanza kupiga namba moja baada ya nyingine.

La pili ndo watu wengi wanachanganya. Fidia na msaada ni vitu viwili. Fidia unalipwa pale serikali inapochukua eneo lako, barabara inapita, shule inajengwa, mthamini anakuja anahesabu mpaka migomba. Mafuriko hayajaletwa na serikali kwahiyo hayana fidia, yana msaada, na msaada hauna bei maalum kwamba nyumba ikidondoka ni shilingi fulani. Unategemea kilichopo, inaweza kuwa mahindi, turubai, bati, saruji, mara chache sana hela. Ndo maana mtu akikutajia kiasi kamili kwenye simu ujue tapeli.

Njia yenyewe iko hivi. Kuna Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022, inaweka kamati za maafa kuanzia kijijini, kata, wilaya ambako mwenyekiti ni DC, mkoa kwa RC, mpaka juu Ofisi ya Waziri Mkuu ambako ndiko kuna idara yenyewe. Kijiji kinafanya tathmini ya awali, kata inajumlisha, wilaya inatuma wataalamu wa ujenzi, kilimo na afya kuhakiki, wakiona limewazidi wanaandika kwenda mkoani. Mahindi kwa mfano mara nyingi yanatoka NFRA, wale wa hifadhi ya chakula ya taifa, kwa kibali cha juu, sio mtendaji anajiamulia. Kwahiyo kila kitu kinaanzia kwenye lile daftari uliloliona. Nenda kalisome wewe mwenyewe. Usiulize "mmemuandika mama?" watakwambia ndio. Soma mstari wake, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya simu, wameandika nyumba imeanguka au "imepata nyufa", choo kimo, mpunga gunia ngapi. Mimi nimeona mama mmoja akikosa bati kwasababu kaandikwa jina la marehemu mumewe, uhakiki ulipokuja akaitwa mzee, hayupo, jina likakatwa.

Kamwene255:
Kamwene wakuu. Mzee hapo juu kaongea vizuri ila tuseme ukweli msimpe kijana matumaini ya kuvimba. Bukoba tetemeko la Septemba 10, 2016 mnakumbuka? Watu wamechanga nchi nzima, wahanga wakajua watagawiwa mkononi, mwishowe wakaambiwa wazi serikali haitamjengea kila mtu nyumba, kila mtu akapambane. Halafu Hanang, tope la Desemba 2023, pale wakajengewa nyumba kabisa zaidi ya 100 kwenye eneo jipya. Maafa yote hayo ni ya Tanzania hii hii. Tofauti ni nini? Mimi naona ni ukubwa wa tukio na kamera. Tope limefunika mji dunia nzima imeona. Mto Mbaka ukitoka kila masika nani anashtuka? Hata sisi huku Pawaga, Iringa, maji yakija tunaonekana kama tumejitakia kukaa bondeni, wakati mpunga haulimwi juu ya jiwe.

Dada wa Itezi:
@Kamwene255 kuna ukweli lakini sio wote. Mimi nakaa Itezi hapa hapa Mbeya, ule mlima Kawetere ulivyoshuka Aprili 2024 ukafukia nyumba kama 20 na shule mimi nilikuwa napiga deki nikasikia kama lori linamwaga kifusi. Kwetu tope liliishia ukutani. Viongozi walikuja, kamera zilikuja, misaada ilikuja, na bado waliokuwa na ushahidi ndo walikuwa na cha kuongea. Jirani yangu alikuwa na picha za nyumba kabla ya tukio, za harusi ya mdogo wake tu lakini sebule yote inaonekana, mwingine alikuwa anaonyesha kwa mikono "hapa palikuwa na chumba, hapa chumba". Ukiangalia chini ni tope tupu.

Kwahiyo mtoa mada kabla hujaanza kusafisha piga picha. Ukuta ulioanguka, alama ya maji kwenye ukuta uliobaki weka hata futi kamba pembeni, huo mpunga ulioota usiumwage kabla haujapigwa picha na mtu wa kilimo hajaona. Mtu wa kilimo ndo atakayeandika mama apewe mbegu msimu ujao kama zikija. Halafu choo, jamani choo, kipindupindu hakisubiri tathmini, chimbeni cha muda hata cha turubai.

Bodaboda Uyole:
Si aingie TASAF tu? Kule watu wanapewa hela

Mtendaji Mstaafu:
@Bodaboda Uyole TASAF ni ya kaya maskini zilizoibuliwa kwenye mkutano wa kijiji, haingiwi kwasababu nyumba imeanguka jana. Kama mama yumo tayari sawa, kama hayumo asiahidiwe. Mimi nilishavunjiwa kioo cha dirisha la ofisi kwa ahadi ya namna hiyo, na sikuitoa mimi, ilitolewa na mtu aliyekuwa anagombea.

Mama Mchele:
Ndaga kwa ushauri mzuri. Niongeze kidogo, kuna ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, sisi kikundi chetu tunaita fomesheni 4-4-2. Haina riba. Sio msaada wa maafa na inataka kikundi kilichosajiliwa, kwahiyo nyumba haitakujengea kesho, ila kama mama ana wenzake wa mpunga au kokoa wanaweza kurudi kwenye mzunguko. Sisi mpunga wetu ulipozama tulirudi hivyo, na haikuwa haraka, tulizungushwa kwenye ofisi moja karibu miezi mitano tukabadilisha katiba ya kikundi mara tatu kwa sababu ya mihuri.

Na kaka, usijenge palepale. Najua kaburi la mzee lipo hapo na miembe ipo hapo. Lakini ulizia kijiji kama kina eneo la juu, na ukiulizia andika barua upate nakala yenye muhuri.

Mtoto wa Mbaka:
Nawashukuru wote. Nimerudi Kyela jana nikaenda kuliona daftari. Mtendaji hakukataa ila alishangaa, anasema toka aandike hakuna aliyewahi kuja kusoma. Ukurasa wenyewe umelowa pembeni wino umetawanyika, jina la mama lipo lakini herufi ya mwisho imeliwa na maji, namba ya simu ni yangu ya zamani ambayo niliipoteza mwaka juzi, na nyumba imeandikwa "imeharibika kiasi". Nikamuomba twende akaone. Tumeenda kwa mguu na mwenyekiti, akasimama kwenye palipokuwa jikoni akatingisha kichwa, akakata "kiasi" akaandika "imeanguka, haikaliki", akasaini pembeni. Choo nacho kimeingia. Bwana shamba kasema atapita Alhamisi.

Yule wa elfu 35 kapiga tena tukiwa hapohapo, mama akampa simu mtendaji aongee nae. Ikakatwa kabla hajamaliza kusema yeye ni nani. Beberu bado lipo, na limekula ule mpunga ulioota upande mmoja wa gunia kabla sijaupiga picha, nimepiga upande uliobaki.