Naombeni ushauri: mpangilio mmoja wa VS Code kwa timu nzima

KijanaShangani: Wakuu, heshima kwenu. Tuko wanne hapa Mtwara, tunaandika mfumo wa kompyuta wa chama cha msingi wa kupokea korosho ghalani, kwa VS Code, ile programu ya kuandikia kodi. Kodi zetu ni vurugu. Mmoja anasogeza mistari kwa tabu (kitufe cha Tab), mwingine kwa nafasi mbili, mimi nne. Kompyuta ya mmoja ina Ubuntu, zetu Windows. Ukigusa mstari mmoja, Git, inayotunza historia ya mabadiliko, inasema faili zima limebadilika. Nataka mpangilio ukae ndani ya repo (hifadhi ya mradi tunayoshirikiana), kila anayevuta aukute. Nianzie wapi? Msimu ndio huo unakaribia.

Pweza_wa_Feri: Nimeona "kodi" na "tabu" nikajua mwenye nyumba kakutolea vitu nje 😂

BintiLigula: Weka .editorconfig, faili la kanuni za uandishi, kwenye folda kuu ya mradi: indent_style (tabu au nafasi), indent_size (nafasi ngapi), na end_of_line = lf (alama ya mwisho wa mstari iwe moja kwa wote). VS Code yenyewe haiisomi bila kiendelezi chake (programu ndogo ya nyongeza), kwa hiyo kitaje kwenye .vscode/extensions.json, wenzako wakifungua mradi watapendekezewa. Prettier, programu ya kunyoosha kodi, ipange kila mtu akihifadhi. Halafu mafaili yote yapangwe kwa komiti moja (mabadiliko yanayohifadhiwa kwa pamoja), peke yake, na namba yake iingie kwenye .git-blame-ignore-revs, ili git blame, inayoonyesha nani aliandika mstari upi, iiruke. Mmeshakubaliana lakini?

KijanaShangani: Kukubaliana kuna mlolongo.

BintiLigula: Yaani umeshafanya?

KijanaShangani: Nimepushi, yaani nimepandisha kwenye repo, Jumamosi usiku. Mafaili 212. Sasa ukiuliza git blame, kila mstari unakuja na jina langu. Ila nia ilikuwa njema, na ukisubiri watu wanne wakubaliane, korosho zitaotea ghalani.

Babu_Mikindani: Shemeji yangu kule Lindi alipaka rangi nyumba ya urithi bila kutuuliza. Rangi nzuri kabisa, ya maziwa. Mwaka wa sita huu hatukai naye baraza moja.

MtuKusini: Chai hii, na sukari hamna. Mimi nakaa Shangani. Jumamosi umeme ulikatika saa mbili usiku ukarudi alfajiri. Ulipushi kwa kibatari?

Pweza_wa_Feri: Nimeleta kashata, endeleeni.

KijanaShangani: Laptopu ilikuwa na chaji, bando la simu. Betri ilibaki asilimia nane, ndiyo maana sikukagua vizuri.

MtuKusini: Hukukagua nini?

KijanaShangani: settings.json, faili la mpangilio wa VS Code. Kile kiendelezi cha databesi kilikuwa kimehifadhi paswedi ya seva mle. Lakini nimeifuta kwenye komiti iliyofuata, kwa hiyo hilo limeisha, turudi kwenye nafasi mbili au nne.

BintiLigula: Halijaisha! Komiti ya zamani bado inayo, yeyote anaisoma. Repo ni ya wazi?

KijanaShangani: Ya wazi. Viongozi wa chama walitaka kuona kazi inavyokwenda.

BintiLigula: Badilisha paswedi sasa hivi, kabla hujanijibu. Baadaye settings.json ibaki na ya timu tu, siri ziende kwenye faili la .env, na .env iwe ndani ya .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git inayaacha.

MtuKusini: Nafuta neno langu. Chai haiwezi kuwa chungu hivi.

KijanaShangani: Anayeweza kuibadilisha ni yule wa Ubuntu, seva iko mikononi mwake. Tangu Jumapili hapokei simu yangu.

Babu_Mikindani: Anakaa wapi?

KijanaShangani: Chikongola.

Babu_Mikindani: Si mbali. Chukua bodaboda.